Tabia 9 za Wakenya Ambazo Humwacha Mgeni Kinywa Wazi (na Sababu Yake)

Si lazima mgeni aende Mara ndio aone maajabu. Mwache tu mtaani wiki moja, bila simba wala twiga, na atarudi na maswali mia. Mbona huyu mama anaitwa jina la mtoto wake? Mbona msee amesema "nakuja" na miguu inaelekea mlangoni? Na hii bia "ya moto" ni bia ama ni supu?

Sisi hatuoni kitu hapo. Tumezaliwa tukapata mambo ni hivyo na tukaendelea na maisha. Lakini karibu kila moja ya hizi tabia iko na sababu, na zingine ziko na historia nzito kuliko vile unadhani. Soma pole pole hadi mwisho, juu siku moja utapewa binamu kutoka Marekani umtembeze, ama utapata mteja wa ng'ambo kwa hizo kazi za mtandaoni. Utaulizwa, na "sisi tuko tu hivyo" si jibu.

1. Saa yetu iko upande ule mwingine

Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba basi ya Kisumu inatoka saa tatu asubuhi. Yeye anajua "tatu" ni 3. Anaweka kengele, anafika steji giza totoro, na hapo wako wawili: yeye na mbwa. Saa hiyo kwetu ni saa tisa usiku, hata dere bado anakoroma.

Ujanja ni huu: sisi hatuanzi kuhesabu usiku wa manane, tunaanza jua likichomoza. Kenya imekatwa katikati na ikweta, inapita Nanyuki na Maseno, kwa hivyo mchana na usiku wetu karibu vinalingana mwaka mzima. Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo, iwe Januari ama Julai. Saa ya kwanza ya mchana inaisha, tunasema saa moja. Simu inasema 7:00, mdomo unasema saa moja, na ubongo hausumbuki hata kidogo.

Sasa jaribu hiyo hesabu London. Juni jua linatoka kabla ya 5:00 asubuhi, Desemba linangoja hadi karibu 8:00. Ukihesabu na jua huko, utafika kazini wakati tofauti kila mwezi. Ndio maana saa ya Kiswahili ni mali ya watu wa ikweta na majirani zao. Waethiopia pia wanahesabu hivyo. Na ukisoma Biblia ya Kiswahili, "saa sita" ya siku ya kusulubiwa ni mchana kamili, vile tu shosho wako anasema. Huyo hajawahi kuhitaji maelezo.

Kama unapanga na mgeni, mwambie aongeze ama atoe sita. Ama aangalie namba iliyo upande wa pili wa saa ya ukutani. Na kama ni ndege ama intavyu, andika 9:00 AM na umalizane na hiyo stori.

2. "Nakuja," akasema, akienda

Hii huwamaliza. Mko na mgeni kwa meza, wewe unasimama, unachukua simu na funguo, unasema "nakuja", halafu unapotea dakika arobaini. Mgeni anabaki akijiuliza: huyu anakuja wapi na alikuwa hapa?

"Nakuja" yetu ni kifupi cha "nitarudi". Ukisema "naenda" na ukomee hapo, inasikika ni kama umekasirika ama hautaonekana tena. Kwa hivyo tunaruka ile sehemu ya kuenda na tunataja ile ya kurudi, ndio anayebaki asijiskie ameachwa.

Shida ni vile huo upole umezaa watoto. "Niko kwa njia" maana yake bado naoga. "Nimefika hapo" maana yake nimefunga mlango wa keja. "Niko hapo tu" inaweza kuwa Roysambu ama Rongai, Mungu ndiye anajua. Ukisikia "nakuona", hapo sasa simama, amefika kweli.

Kati yetu hakuna anayeumia, kila mtu anajua kutafsiri. Lakini kama unaandikia mteja wa ng'ambo sehemu ya hela yako, usimtumie "nakuja" kwa Kizungu. Yeye ataketi hapo akikungoja dakika mbili, na ya tatu anatafuta mtu mwingine. Mwambie saa, na uwe hapo hiyo saa.

3. Unasema pole na si wewe umemwangusha

Mgeni anajikwaa Moi Avenue. Watu wanne ambao hawamjui wanasema "pole!" kwa mpigo. Yeye anageuka, amechanganyikiwa: "Kwani nyinyi mmefanya nini?"

Hatujafanya kitu. Pole si kukiri makosa, ni kumwambia mtu kwamba tumeona umeumia. Angalia vile tunaitumia: pole na safari, pole kwa kazi, pole kwa kufiwa, ugua pole. Hakuna hapo mahali mtu ameomba msamaha. Mwenye kosa akitaka kuomba msamaha kuna maneno yake: nisamehe, niwie radhi.

Shida inaanza tukibadilisha lugha. Kizungu kinatupatia neno moja la kuomba msamaha na sisi tunalibebesha kazi yote ya pole. Ndio unapata Mkenya ako ng'ambo, mwenzake kazini amemwagikiwa na kahawa yake mwenyewe, na Mkenya ndiye anaomba msamaha. Wanamwangalia kama mshukiwa.

Hii usiache. Ni moja ya vitu vizuri tuko navyo. Jua tu kwamba huko nje inahitaji maelezo.

4. Mama Brayo ana jina lake, lakini nani analijua?

Ploti nzima wanamjua kama Mama Brayo. Landlord anamwita hivyo, mama mboga anamwita hivyo, hata namba yake kwa simu umeiweka hivyo. Siku unamtumia pesa na M-Pesa jina linatokea hapo kwa skrini, unashtuka: kumbe anaitwa Jacinta!

Kumwita mtu mzima jina lake kavu kavu, hasa kama amekuzidi umri, ni kumkosea heshima. Jina la mtoto ni kama cheo. Linasema huyu ni mzazi, ako na watu nyuma yake. Mgeni anayetoka mahali hata bosi anaitwa jina la kwanza hataelewa hiyo haraka.

Halafu kuna ile ya baba kumwita kijana wake wa miaka mitatu "baba", ama kasichana kadogo "mami". Kwa Wakikuyu, kijana wa kwanza hupewa jina la babu upande wa baba, wa pili babu upande wa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya upande wa baba, wa pili ni nyanya upande wa mama. Kwa hivyo huyo mzee anapomwita mtoto "baba", hachezi. Huyo mtoto amebeba jina la baba yake.

Na kuna majina ya mvua. Mvua ikinyesha Kenya nzima siku moja, Siaya anazaliwa Okoth, Uasin Gishu anazaliwa Kiprop, Machakos anazaliwa Wambua, na Bungoma msimu wa mvua unaleta Wafula. Watoto wanne, lugha nne, hali ya hewa moja. Mgeni akikuuliza kwa nini tunauliza mtu jina lake la tatu kwa hamu hivyo, mwambie jina letu ni stori: saa uliyozaliwa, nani amekutangulia, jua lilikuwa wapi.

Kasheshe inakuja uwanja wa ndege. Nchi nyingi familia nzima ina jina moja la mwisho. Kwetu ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu ya mwisho, na hakuna hata mmoja amebeba la mama. Mzazi anasafiri na mtoto, afisa anaangalia pasipoti mbili, majina hayafanani, maswali yanaanza. Kama unasafiri na mtoto wako, beba cheti chake cha kuzaliwa. Kitakuokolea jasho.

5. Mat: basi ambayo ni serikali yake yenyewe

Mgeni anaingia mat. Kwanza, bei haijaandikwa mahali. Asubuhi ilikuwa finje, mvua imenyesha tone mbili, sasa ni soo. Hajui finje ni 50 wala soo ni 100, wala mbao ni 20, wala ngiri ni 1,000. Kiswahili alifunza kwa kitabu, na hicho kitabu hakijawahi panda gari ya Umoja.

Pili, anaona gari imejaa anafurahi, inatoka saa hii. Halafu abiria sita wanashuka! Hao ni wasee wa kukaa ndani ndio gari ionekane imejaa, wanalipwa kitu kidogo, wanahamia inayofuata.

Tatu, pesa yake inasafiri. Ako nyuma kabisa, anaambiwa apitishe noti. Inapita mikono mitano ya watu hajui, inafika kwa konda aliyezikunja noti kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole. Chenji hairudi. Anaingoja, anaingoja, anaanza kukosa amani. Kidogo konda anampatia mtu mwingine noti ya soo anamwambia: "Wewe na huyo mzungu, mgawane." Hawajawahi kuonana, na sasa wana deni la pamoja.

Ukiangalia vizuri, hapo kuna uaminifu mwingi sana. Hakuna risiti, hakuna kamera, na pesa inafika. Mtu akijaribu kumeza chenji ya mwenzake, gari nzima inageuka mahakama.

Historia yake ni hii. Jina matatu linasemekana limetoka kwa nauli ya zamani, vipande vitatu vya senti kumi. Mwanzoni zilikuwa gari za wizi wizi, hadi 1973 Rais Jomo Kenyatta akazikubalia zibebe watu bila ile leseni waliyokuwa wakidaiwa. Kutoka hapo hii biashara imejiendesha yenyewe. Aliyewahi kuishika shati kweli ni waziri John Michuki: Februari 2004 tukaona mikanda, vidhibiti mwendo, ule mstari wa manjano, na hakuna kubeba watu wamesimama. Ile mistari bado iko. Hayo mengine jiangalilie jioni pale Odeon.

Ushauri kwa mgeni wako: aulize nauli kabla ya kuingia, abebe pesa ndogo ndogo, na simu isikae karibu na dirisha.

6. "Baridi ama moto?"

Waiter anauliza hivyo na mgeni anacheka, anadhani ni mzaha. Nani anataka bia moto?

Watu wengi sana. "Moto" hapa si ya kuchemsha, ni ile imekaa tu kwa kreti, haijaona friji. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku hiyo baridi inaingia hadi kwa mfupa. Ongeza miaka ambayo baa nyingi hazikuwa na friji ama stima yenyewe, na wazee wakazoea. Wengine watakuapia ya baridi inaharibu kifua. Soda pia ni hivyo, dukani utaulizwa.

Kwa hivyo asishangae. Aseme tu anayotaka, atapewa bila kesi.

7. Umeongezwa kwa grupu ya mchango

Uko kejani umetulia. Simu inalia. Umeingizwa kwa grupu ya WhatsApp inaitwa "Mazishi ya Baba Kevo". Hujaulizwa. Baba Kevo mwenyewe hukumjua, ulifanya kazi na Kevo miezi minne tu. Dakika tano baadaye mwekahazina ametuma orodha: moja, Shiro 1,000. Mbili, Mama Brayo 500. Tatu, nafasi tupu. Na hiyo nafasi inakuangalia macho.

Mgeni haelewi hii. Kwao harusi ni ya wenye harusi, bili ya hospitali ni ya mgonjwa na bima yake. Kwetu harusi ina kamati, mazishi yana kamati, karo ina kamati, na kamati ina mwenyekiti ambaye hachoki kukumbusha watu.

Hii iko kwa nembo ya taifa: Harambee. Jomo Kenyatta aliifanya wito wa nchi 1963, na watu wakaichukua serious kuliko hata serikali ilivyotarajia. Wakachanga pesa, mawe na nguvu zao, wakajenga shule kila mahali ambapo serikali haikuwa imefika. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kilianza kama taasisi iliyojengwa na wananchi kwa mchango. Kwa hivyo ukiona jina la shule na "harambee" ndani ya historia yake, hapo kuna ng'ombe ya mtu iliuzwa.

M-Pesa ilipoingia Machi 2007, mchango ukapata miguu. Zamani ulikuwa unaweza kusema hukupata habari. Sai mjomba ako Doha, dada ako Boston, wote wako kwa orodha. Na Mkenya mwenye adabu akituma pesa anaongeza "na ya kutoa", ndio anayepokea asikatwe. Hiyo ni heshima ambayo haina neno kwa lugha nyingi.

Lakini tusijidanganye kwamba ni upendo peke yake. Tunachanga pia kwa sababu ukianguka hakuna kitu cha kutosha cha kukudaka. Kuna hospitali zimezuilia wagonjwa waliopona, na hata maiti, hadi bili ilipwe. 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliokuwa wamezuiliwa baada ya kujifungua kwa sababu ya bili, ikasema haki zao zilikiukwa. Hadi siku hiyo mambo yatanyooka kabisa, hiyo orodha ya WhatsApp ndiyo bima ya watu wengi.

Kwa hivyo ukiwa na soo, weka soo. Hakuna aibu. Kinachokumbukwa ni kwamba jina lako lilikuwa hapo. Ila kama hujui familia, piga simu kwanza uthibitishe, juu wakora nao wanajua kutumia picha ya mgonjwa.

8. "Kwenu ni wapi?"

Umezaliwa Pumwani. Umesomea Buruburu. Umekaa Nairobi miaka ishirini na tano. Mtu anakuuliza kwenu ni wapi, unasema Nairobi, anacheka: "Nauliza kwenu kwenu."

Mgeni hapo anapotea kabisa. Mtu atakuwaje wa mahali amelala siku nne tu kila Desemba?

Jibu liko kwa vile Nairobi ilianza. Ilikuwa kituo cha reli 1899, halafu ikawa mji wa mkoloni, na Mwafrika alihesabiwa kama mtu amekuja kufanya kazi arudi kwao. Mwanaume alivaa kipande, kile cheti cha usajili kwa kikebe cha chuma shingoni, na bila hicho unashikwa. Mji ulikuwa wa kibarua, nyumbani kulikuwa kule kuna shamba, mama, na makaburi. Mkoloni alienda, hiyo fikra ikabaki. Ndio maana Desemba nauli ya ushago inapaa na Nairobi inabaki na paka.

Kesi iliyoonyesha dunia hii kitu ni ya wakili S.M. Otieno. Alikufa Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike kwao Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anazikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini boma lake liko kule. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, nchi nzima ikifuata kwa gazeti. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987, karibu miezi mitano baada ya kufa. Mwili wote huo muda ukingoja watu wakubaliane nyumbani ni wapi.

Sasa sikiza hii sehemu kwa makini. Mara nyingi hilo swali ni salamu tu. Msee anatafuta kama mko na mtu mnajuana, kama shosho zenu huenda soko moja. Lakini kuna siku limeulizwa na mtu ameshika panga. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na wengi walifukuzwa sehemu waliyokuwa wamekaa miaka yote, wakiambiwa warudi "kwao". Kitambulisho cha kizazi cha pili, kile wengi bado tunacho mfukoni, kimeandikwa nyuma wilaya, tarafa hadi lokesheni. Swali liko kwa plastiki.

Na kuna kizazi kizima sai, pengine wewe unayesoma, ambao hawana shamba ushago, hawajui lugha ya babu, na guka alizikwa Lang'ata. Kwenu ni Kayole, na ni sawa. Ukiulizwa, sema Kayole bila kupunguza sauti. Na wewe ukiuliza mtu, akikwambia Kayole, usimuulize mara ya pili.

Mgeni naye mwambie hivi: Mkenya akikuuliza kwenu ni wapi, hataki kujua tu nchi. Anataka kujua kijiji, mto ulio karibu, na kama mnafuga.

9. Kuaga kunachukua lisaa

Mwisho kabisa. Mgeni amealikwa, amekula chapati nne juu kukataa ya tatu kulileta mjadala, chai ya maziwa imemwagwa kikombe cha pili bila kuulizwa. Anasema anaenda. Anadhani sasa ataenda.

Hapana. Kwanza anaambiwa, "Mbona mapema?" Anaketi tena. Anasimama mara ya pili, kunaombwa. Anafika mlangoni, stori mpya inaanza, na ndiyo ile tamu kuliko zote, ile haingesemwa mbele ya watoto. Halafu wenyeji wanavaa viatu. Mgeni anauliza, "Mnaenda wapi?" Wanamsindikiza. Hadi geti, kutoka geti hadi duka la kona, kutoka duka hadi steji. Kule steji wanangoja hadi apate gari, wanamwambia konda, "Huyu ni mgeni wetu, mshukishe tao vizuri." Konda anaitikia kama amekula kiapo.

Kwa wengi ng'ambo, mlango ukifungwa umeaga. Kwetu kumwachilia mtu mlangoni ni kama kumfukuza. Zamani njia zilikuwa za giza na za wanyama, sai ni za giza na za wakora, kwa hivyo sababu haijaisha. Ila hata mchana kweupe tunasindikiza, kwa sababu hizo dakika kumi za barabara ndizo mtu husema kile kilichomleta: ameachishwa kazi, mama anaugua, anahitaji kama ngiri tatu hivi hadi mwisho wa mwezi. Ndani ya nyumba alicheka tu.

Kwa hivyo rafiki yako akisimama kuenda leo jioni, usimpungie mkono ukiwa kwa kochi. Vaa ndala umpeleke steji. Na yeye akikwambia "nakuja", wewe ushajua maana yake.